Sura ya Saba: Punje ya Githeri na Kikombe cha Chai

Adui wa kwanza wa waya za meno katika miji ya Mlima Kenya anajulikana na kila mtu: ni punje ya mahindi. Tuseme mwanafunzi wa bweni, Nyeri au Karatina, ameketi mbele ya sahani ya githeri saa saba mchana na njaa imemkaba. Maharagwe yameiva vizuri, lakini katikati yake imejificha punje moja ambayo moto wa jiko la shule haukuiweza. Anaitafuna. Anasikia ka! Ulimi ukipita kwenye gego unakuta kishikizi, kile kipande kidogo kilichobandikwa kwenye jino ili kushika waya, kinaning'inia kwenye waya kama kifungo cha shati kilichobaki na uzi mmoja.

Adui huyo ana kelele. Ukigongana naye utajua wewe, atajua daktari, na atajua mzazi atakayetoa nauli ya kurudi kliniki. Adui wa pili hana sauti. Huingia na kikombe cha chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, hujibanza kando ya kishikizi, na usiku wenye meno wakilala yeye yuko kazini. Huonekana siku waya zinapotolewa: doa jeupe kama chokaa limezunguka mahali kishikizi kilipokuwa, na fizi zimevimba na kuwa laini, zikiguswa zinatoka damu.

Sura hii inamhusu zaidi adui wa pili. Kishikizi kilichong'oka hubandikwa upya kwa dakika chache. Jino lililotoboka halijizibi.

Kazi ya waya

Katika nyumba nyingi za hapa, waya za meno ni mradi. Wako wanaosubiri bonasi ya majani chai ya mwezi wa Oktoba, na wako wanaouza ndama. Shosho akimwona mjukuu amerudi na chuma mdomoni atamuuliza amefungwa kwa kosa gani. Ni haki basi kueleza hela hizo zinanunua nini.

Jino halikusimikwa kwenye taya kama nguzo ndani ya saruji. Limeshikwa na nyuzi laini zinazoliunganisha na mfupa. Waya ukilisukuma polepole, mfupa wa upande wa mbele huyeyuka kidogo na upande wa nyuma mfupa mpya hujengwa. Hivyo jino linasafiri, sehemu ndogo ya milimita kwa wakati, na kwa watu wengi safari hiyo huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, wengine zaidi.

Safari hiyo inataka fizi nzima. Kulisukuma jino wakati fizi zimeoza na mfupa unaliwa ni sawa na kuhamisha mwimo wa mlango wakati mchwa wako ndani ya ukuta. Ndiyo maana daktari makini hukagua fizi kwanza, husafisha meno, huziba yaliyotoboka, kisha ndipo hubandika. Akikuambia urudi baada ya mwezi ukiwa umejifunza kupiga mswaki, usimwone mkali.

Vishikizi hubandikwa kwa ujuzi uliotoka katika karakana za rangi. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, aliona kwamba viwanda hutumia asidi ya fosfori ili rangi ishike vizuri kwenye chuma. Akaijaribu kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Asidi iliikwaruza kwa vijishimo vidogo mno, na gundi ikapata pa kushika. Fundi anayepiga msasa bodi ya matatu kabla ya kupaka rangi anafanya kazi ya namna hiyohiyo. Kabla ya hapo, kila jino lilivalishwa pete nzima ya chuma.

Neno moja kuhusu urembo, kwa sababu daktari aliyesomea vitabu vya ng'ambo huenda asilifikirie. Mwanya wa meno ya mbele ni pambo kwa watu wengi wa Afrika Mashariki. Kama unaupenda wako, sema siku ya kwanza, kabla waya haujaanza kuuziba.

Ukoga

Kiswahili kina neno la kale kwa ule utando unaonata juu ya meno: ukoga. Huyo ndiye yule adui wa pili. Ukipitisha ulimi asubuhi kabla ya mswaki, utelezi unaousikia ndio huo. Ni makazi ya bakteria, mamilioni kwa mamilioni, na chakula wakipendacho ni sukari. Wakiila hutoa asidi, na asidi huondoa madini katika enameli.

Katika miaka ya 1940 mtafiti Robert Stephan alipima kinachotokea mtu akisukutua kwa maji yenye sukari. Ndani ya dakika chache tu asidi kwenye ukoga hupanda hadi kiwango kinachoyeyusha enameli, kisha mate huchukua nusu saa hadi saa nzima kuituliza. Sasa kihesabu kikombe cha chai. Anayekinywa chote pamoja na mlo amewapa bakteria karamu moja. Anayekinywa kidogo kidogo kutoka saa nne hadi saa sita, kila funda limeanzisha karamu nyingine, na mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yake. Sukari ni ileile, madhara hayalingani.

Waya huzidisha hali hii kwa sababu moja ya wazi. Jino tupu lina uso laini ambao ulimi, mashavu na mate huusafisha mara kwa mara. Jino lenye kishikizi lina kona, vichochoro na kivuli. Ukoga hupata mahali pa kujificha, hasa kati ya kishikizi na ufizi, mahali ambapo mswaki unaopitishwa haraka haugusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982 ulikuta kwamba karibu nusu ya waliokuwa wamevaa waya walikuwa na jino moja au zaidi lenye doa jeupe, ilhali kwa wasiovaa ilikuwa takriban robo. Na doa hilo halihitaji miaka. Wiki nne za uzembe zinatosha kulianzisha.

Fizi nazo zina habari yake. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku ya 10 na ya 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia mswaki, baada ya kama wiki moja zilipona. Jaribio hilo dogo linafundisha mambo mawili kwa pamoja: damu kwenye mswaki ni dalili ya ukoga uliokaa, na dawa yake ni kuuondoa ukoga huo. Wengi hufanya kinyume. Wakiona damu wanaogopa, wanapaepuka mahali hapo, ukoga unakuwa mnene zaidi, na damu inazidi.

Tatizo hili si la wenye waya peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu kila mtu mzima nchini Kenya ana fizi zenye kasoro ya namna fulani, na kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne ana jino lililooza. Anayevaa waya anaanza safari yake kutoka hapo.

Maji ya mto, maji ya kisima

Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika, na udongo na miamba ya eneo kubwa la kati ya Kenya ni ya asili hiyo. Maji yanayokaa chini ya ardhi ndani ya miamba ya namna hii mara nyingi huyeyusha madini ya floraidi kwa wingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984, uliopima visima zaidi ya 1,000 kote nchini, ulikuta asilimia 61 vimezidi miligramu 1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5. Sehemu zilizoongoza ni Nairobi, Bonde la Ufa na eneo la kati.

Maji ya mito inayoshuka moja kwa moja kutoka mlimani au kutoka Nyandarua, kama Chania unaonywesha mji wa Nyeri, kwa kawaida huwa na floraidi kidogo kuliko maji ya visima virefu. Mtoto aliyekua akinywa maji ya kisima chenye floraidi nyingi, meno yake yakiwa bado yanaumbwa ndani ya taya, huweza kuota meno yenye mistari myeupe au madoa ya kahawia.

Kwa mvaaji waya hili lina maana tatu. Kwanza, enameli ya namna hiyo hushika gundi kwa shida, kwa hiyo vishikizi hung'oka mara nyingi zaidi. Mweleze daktari ulikokulia na maji uliyokunywa. Pili, mwombe apige picha ya meno yako kabla ya kubandika. Bila picha, siku waya zikitoka hakuna atakayejua doa lipi lilikuwa la kisima na lipi limeletwa na ukoga.

Tatu, na hapa wengi hukosea: wapo wanaosema kwamba kwa kuwa floraidi ndiyo iliyochafua meno yetu, basi dawa ya meno yenye floraidi iepukwe. Madoa ya kisima hutengenezwa jino likiwa bado linajengwa, yaani kabla ya umri wa kama miaka minane. Kijana wa miaka 13 hawezi kuyapata tena kwenye meno yanayoonekana. Kwake yeye floraidi ya kwenye dawa, ikigusa uso wa jino na kutemwa, huirudishia enameli nguvu. Soma lebo yake: tafuta kiwango cha floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni.

Sahani ya mlimani

Habari njema ni kwamba vyakula vingi vya hapa ni rafiki wa waya. Mukimo ni kama ulitengenezwa kwa ajili yake. Nduma, viazi vitamu, ndizi za kupika, njahi zilizoiva, uji na ugali havihitaji kung'ang'ana. Siku mbili tatu baada ya waya kukazwa, meno yakiuma hata kwa kugusana, mukimo na supu vitakuvusha.

Githeri haijapigwa marufuku. Loweka mahindi usiku kucha, yachemshe hadi yapasuke, kisha tafuna polepole kwa magego. Mwanafunzi asiye na mamlaka jikoni anaweza kuchagua maharagwe kwanza na kuipima kila punje kwa ulimi kabla ya kuiuma. Mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara yapuruchuliwe kwa mkono, yasing'atwe kwenye gunzi. Tufaha, karoti na guava zikatwe vipande. Mfupa wa nyama choma waachie wenzako.

Miwa ni kesi mbaya. Inavuta vishikizi kwa nyuzi zake na inaosha kinywa kwa sukari kwa nusu saa nzima. Makadamia za Embu, Kirinyaga na Murang'a ni ngumu hata kwa meno huru. Bisi huacha maganda membamba yanayoingia chini ya ufizi na kukaa siku kadhaa. Peremende za kunata zinaunganisha makosa yote mawili: zinang'oa na zinaozesha.

Watu wazima wa Meru na Embu wanaovaa waya nao wanastahili kuambiwa ukweli kuhusu miraa na muguka. Majani huwekwa shavuni saa nyingi, kinywa hukauka, na uchungu hutulizwa kwa chingamu na soda. Mate yakipungua, mlinzi wa jino hayupo, na sukari inaendelea kuingia. Ni vigumu kubuni mpango mbaya zaidi kwa mwenye vishikizi. Asiyeweza kuacha aondoe angalau chingamu na soda, anywe maji, na apige mswaki kabla ya kulala hata kama ni usiku wa manane.

Dakika tano za jioni

Mswaki, kabla ya kuwa wa plastiki, ulikuwa kijiti cha mti. Jina lilitoka kwenye kijiti likaenda kwenye chombo cha leo. Kijiti hicho bado ni kizuri kwa meno huru, lakini kwa mwenye waya kinaweza kusukuma kishikizi kikatoka. Tumia mswaki wa kawaida wenye nywele laini na kichwa kidogo, na uubadilishe nywele zikianza kutawanyika. Waya huzichakaza upesi.

Anza kwa kusukutua kwa nguvu ili mabaki makubwa yatoke. Kisha pita kila jino mara tatu. Mara ya kwanza elekeza nywele juu, kwenye mpaka wa kishikizi na ufizi, kwa mizunguko midogo. Mara ya pili uso wa kishikizi chenyewe. Mara ya tatu elekeza kutoka upande wa pili, chini ya waya. Usisahau upande wa ndani, wala sehemu za kutafunia. Ukimaliza, chukua mswaki ule mdogo unaofanana na brashi ya kusafishia chupa, uupitishe chini ya waya kati ya kishikizi na kishikizi. Panapobana, pitisha uzi wa meno kwa kutumia kile kisindano cha plastiki. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mabaki kidogo ya dawa yaachwe yalale na meno.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na kama ni lazima kuchagua, mswaki wa usiku ndio usioachwa. Ukilala mate hupungua sana, na chakula kilichobaki hakina wa kukiondoa hadi alfajiri. Baada ya chakula cha mchana shuleni, kama huna nafasi ya mswaki, sukutua kwa maji matupu.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya ng'ambo havikijui: gathano, ule msimu wa baridi na ukungu wa kuanzia Juni hadi Agosti, wakati maji ya bomba Nyeri yanapouma meno kama barafu. Mwanafunzi anayepiga mswaki kwa sekunde kumi asubuhi ya Julai hana haja ya kulaumiwa. Ana haja ya nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Walimu na matroni wanaweza kuliruhusu hilo bila gharama yoyote.

Njia ya kujikagua ni rahisi. Simama penye mwanga, vuta mdomo wa juu, utazame ufizi. Wenye afya umebana jino na kingo zake ni kali. Ulio mgonjwa umetuna, unang'aa, na huanza kupanda juu ya kishikizi.

Bwenini na barabarani

Kutoka Nyeri hadi Nairobi, waliko madaktari bingwa wengi wa kupanga meno, ni takriban kilomita 150. Waya ukichomoka Jumanne usiku Nanyuki au Chuka, hakuna wa kuurudisha kabla ya asubuhi. Weka basi mfuko mdogo ndani ya sanduku la shule: mswaki, dawa, brashi ndogo, uzi, kioo, na nta ya meno inayouzwa katika maduka ya dawa.

Ncha ya waya ikichoma shavu, isukume taratibu kwa kifutio safi cha penseli, au ikaushe kisha uifunike kwa kipande cha nta ulichokifinyanga. Kidonda cha mdomo kisukutue kwa nusu kijiko cha chumvi ndani ya glasi ya maji ya vuguvugu. Kishikizi kilichong'oka kihifadhi na upige simu kliniki. Kikimezwa, mara nyingi hupita tumboni bila shida. Mtu akianza kukohoa au kupumua kwa taabu, apelekwe hospitali papo hapo. Anayecheza raga avae kinga ya meno inayotoshea juu ya waya.

Kabla ya yote hayo, hakikisha aliyekuwekea waya ana leseni. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, huweka orodha ya waliosajiliwa ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia kwenye intaneti. Na usimwache daktari wa meno wa kawaida wa mjini kwako: bingwa anakaza waya kila baada ya wiki nne hadi nane, lakini usafishaji wa ukoga uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe unaweza kufanyika karibu na nyumbani.

Siku waya zinapotoka

Siku hiyo watu hupiga picha na kusahau kwamba nyuzi zinazoshika meno bado zinakumbuka mahali pa zamani. Zitayavuta. Ritena, kile kifaa cha kuyashikilia, huvaliwa kama daktari alivyoagiza, na kwa wengi usiku utaendelea kuwa wake kwa miaka mingi. Kisafishwe kwa mswaki na maji baridi. Maji ya moto hukipinda. Na mahali pake pakiwa si mdomoni ni ndani ya kasha. Kikifungwa kwenye karatasi mezani, kitaondoka na sahani.

Madoa meupe yakiwa yamebaki, usikimbilie dawa kali za kung'arisha. Mengine hufifia kadiri mate na floraidi vinavyorudisha madini. Yasiyofifia daktari ana njia za kuyapunguza.

Wewe unayesoma hili ukiwa na waya mdomoni, leo usiku tazama povu unalotema. Likiwa na wekundu, tafuta mahali palipotoka damu na upasafishe hapo hapo, taratibu, leo, kesho na kila siku kwa siku kumi. Zikipita kumi na damu bado inatoka, usingoje tarehe ya kukazwa waya. Nenda ukaonwe.